Shanga Nyeupe Zilivyokataliwa Ukonongo

Leo tuzungumze kuhusu shilingi: ilikotoka, ilivyofika huku kwetu Katavi, na imetutendea nini.

Wanaosimulia historia ya fedha huanza na mtoaji. Watakutajia mfalme ambaye sura yake iligongwa kwenye sarafu, benki iliyochapa noti, waziri aliyetia saini. Mimi naomba tuanze upande wa pili, kwa mpokeaji. Maana noti ikishatoka kiwandani bado ina safari ndefu. Lazima imfikie mtu mwenye gunia la mpunga, mwenye ng'ombe au mwenye nguvu za mikono, na mtu huyo aseme: haya, naichukua. Huku Katavi tuna ushahidi wa tangu zamani kwamba mtu huyo aliweza pia kusema: sichukui.

Mwaka 1871 msafiri Henry Stanley alipita nchi ya Wakonongo akimtafuta mmisionari Livingstone. Njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, kwa hiyo ikambidi azunguke kusini, huku kwetu. Wapagazi wake walibeba shehena za nguo, shanga na nyaya za shaba, kwa sababu ndizo zilizokuwa fedha ya bara. Shanga zilikuwa chenji ndogo, nguo za merikani na kaniki zilinunua vitu vikubwa zaidi, na waya ulithaminiwa sana huko ng'ambo ya Tanganyika. Kabla ya kuondoka pwani alilazimika kuwauliza wafanyabiashara wa Unguja ni shanga zipi zinapokelewa wapi, na jibu alilopewa aliliandika katika kitabu chake. Shanga nyekundu za samesame zilipendwa Unyamwezi. Nyeusi zilipita Ugogo, na nje ya Ugogo hakuna aliyezitaka. Nyeupe zilipokelewa Ufipa. Lakini shanga hizohizo nyeupe, ukivuka nazo kuja Ukonongo, zilidharauliwa.

Naomba tulitafakari jambo hilo kidogo. Kutoka Ufipa hadi Ukonongo ni mwendo wa siku chache kwa miguu. Msafiri mwenye bunduki na wapagazi wengi, anayegharamiwa na gazeti la New York, angeweza kufika Ukonongo na mzigo mzima wa shanga nyeupe akakosa unga wa kuwalisha watu wake, kwa sababu tu mama wa Kikonongo mwenye unga hakuzitaka. Mwenye chakula ndiye aliyeamua fedha ni ipi. Msafara ulijipanga kwa matakwa yake, na tajiri wa Unguja aliagiza shanga Ulaya akifuata matakwa hayohayo.

Wala shanga hazikuwa za kwanza. Kaskazini yetu, Uvinza, kulikuwa na chumvi iliyopikwa kutoka chemchemi zake. Wanaakiolojia waliochimba pale katika miaka ya 1960 walikuta kwamba upishi huo umedumu zaidi ya miaka 1000. Chumvi ile ilisafiri hadi vijiji ambavyo havikumfahamu mpikaji wake, na kila ilipofika ilibadilishwa na kitu. Kusini, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, na jembe la Kifipa liliweza kulipa mahari. Naiheshimu sana fedha ya namna hiyo. Jembe hata likikosa wa kulibadilisha, linalima. Chumvi ikikosa mnunuzi, inaungwa kwenye mboga. Mpokeaji hakuwa na hofu kubwa, maana alichopokea kilikuwa na kazi nyumbani kwake.

Hatuwezi kuzisifu biashara za enzi hizo tukanyamaza kuhusu watu walionunuliwa. Njia zilezile za nguo na shanga zilipitisha binadamu waliofungwa minyororo, na bei yao ilihesabiwa kwa vitu hivyohivyo. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, inamjua vizuri mmoja aliyewahi kuuzwa, ingawa si kwenye njia za huku. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, Afrika Magharibi, karibu na Timbuktu kwenye Mto Niger. Alikamatwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre wa White Fathers huko Algeria, akasomeshwa uganga Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyepangiwa bei sokoni akawa daktari wa watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 60. Nimemtaja kwa sababu historia ya fedha ina watu ndani yake ambao hawakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa.

Baadaye ikaja sarafu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake mwaka 1890, yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo yenyewe na kuigawa rupia kwa heller 100. Vipande vya fedha hivyo vilikuwa vizuri kwa macho, lakini mtu wa Pimbwe au wa Bende angevifanyia nini? Havilimi, haviungwi. Angeweza kuvikataa kama mama wa Kikonongo alivyokataa shanga nyeupe.

Kilichoondoa uwezo huo ni kodi ya nyumba. Sheria yake ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kutumika 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini kwa mwaka. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini miaka ilivyokwenda serikali ilidai sarafu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka juu chini. Mtu hakuhitaji rupia kwa sababu kuna kitu anataka kununua. Aliihitaji kwa sababu askari atakuja. Na rupia haikuwapo Ukonongo. Ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge, kwenye reli, kwa mwajiri. Kuipata, ilibidi kwenda huko. Waingereza walipoingia waliendeleza utaratibu huo kwa jina la kodi ya nyumba na ya kichwa, na kufikia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu, SILABU, ya kukusanya wafanyakazi na kuwapeleka mashamba ya mkonge. Wafanyakazi hao, walioitwa manamba, walipanda treni kutoka magharibi hii kwenda Tanga na Morogoro. Tukisema mkonge uliijenga Tanganyika, tukumbuke pia ni sarafu gani iliyowatoa watu majumbani kwao.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha jinsi mtoaji wa fedha anavyoweza kuishiwa. Meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu mpya haziji kutoka Ujerumani, na jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck linahitaji kulipa askari na kununua chakula. Wakachapa noti za dharura kwa karatasi yoyote waliyoipata. Mwaka 1916, jirani zetu wa Tabora wakashuhudia jambo kubwa zaidi: karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya risasi na vipande vya shaba vikayeyushwa kuwa heller 20 na heller 5. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikagongwa kuwa sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta sarafu ile ya tembo kwa bei kubwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Mwenye sarafu ya dhahabu alibaki na dhahabu. Mwenye noti ya dharura, aliyeipokea kwa sababu askari mwenye bunduki alimpa akachukua kuku na mtama, alibaki na karatasi ya serikali iliyokimbia.

Utaratibu uliofuata uliandikwa London. Mwishoni mwa mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kwa mfano wa ile waliyokuwa wameiunda mwaka 1912 kwa ajili ya Nigeria, Gold Coast, Sierra Leone na Gambia. Kwa hiyo mkulima wa kakao wa Kumasi na mkulima wa karanga wa Tabora waliwekwa chini ya mpango wa aina moja. Kwanza ikaja florini mwaka 1920, haikudumu. Mwaka 1922 ikawa shilingi, 20 kwa pauni moja ya Uingereza, yenye simba mbele ya milima upande mmoja na mfalme upande mwingine. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, zikitungwa kwenye kamba na kuvaliwa shingoni au kiunoni.

Shilingi ile haikuyumba, na wazee walioitumia huisifu kwa hilo. Lakini tuangalie ilisimama juu ya nini. Kwa kawaida Bodi haikutoa shilingi bila kuweka mali ya thamani hiyo London, kwa pauni. Mpanda tunaweza kulielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi. Miaka ya 1930 iligunduliwa risasi hapa, madini yale mazito yaliyochanganyika na fedha na dhahabu kidogo. Kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua mgodi, na serikali ikajenga tawi la reli la zaidi ya kilomita 200 kutoka Kaliua kuja kuyafuata. Mji huu tunaoishi umekua kutokana na reli hiyo. Madini yalishuka hadi Dar es Salaam, yakauzwa nje, na mapato yakahesabiwa kwa pauni. Mchimbaji alilipwa shilingi yenye sura ya mfalme George. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Treni ya abiria bado inakuja. Shehena ya risasi iliyojenga njia yake haipo tena.

Afrika Magharibi ilijitoa mapema kwenye mpango huo. Ghana ilitoa pauni yake mwaka 1958, kisha cedi mwaka 1965. Nigeria ikafuata mwaka 1959. Guinea ya Sékou Touré ilijitoa kwenye eneo la faranga ya Kifaransa mwaka 1960 na ikatoa sarafu yake, na ikaadhibiwa kwa uamuzi huo. Sisi tulichelewa kwa sababu njema: tulitumaini kubaki na sarafu moja na Kenya na Uganda. Mwaka 1963 mtaalamu wa Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi, Erwin Blumenthal, aliandika ripoti kuhusu namna nchi hizi zingeweza kuwa na benki kuu. Juni 1965 ikaonekana kwamba kila nchi itakwenda na yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, Gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei, kijana wa miaka thelathini na ushee. Noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Sarafu ya shilingi moja ilikuwa na Mwalimu Nyerere upande mmoja na Mwenge wa Uhuru upande wa pili. Dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14.

Jina la Blumenthal tulishike, maana tutakutana naye tena ng'ambo ya ziwa. Kabla ya hapo niseme kuhusu miaka ya 1980, kwa sababu vijana wengi mnaonisikiliza hamkuiona. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba ya fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ghali, mazao ya kuuza nje yalikuwa yamepungua. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda alilipwa noti zake, mara nyingi zikichelewa, akaenda dukani akakuta rafu tupu. Hakuna sabuni, hakuna khanga, hakuna betri za redio. Basi akafanya kile ambacho babu yake wa Kikonongo alikifanya, kwa njia ya kimya. Hakuwa na uwezo wa kuikataa shilingi hadharani, kwa hiyo alipunguza kuitafuta. Alilima mahindi ya kula badala ya tumbaku, akaweka akiba yake katika ng'ombe na mbuzi, akabadilishana kitu kwa kitu. Kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata waliolangua, nami naamini nia yake ilikuwa safi. Ila bidhaa hazikuwapo za kutosha, na hakuna askari anayeweza kumlazimisha mtu aithamini noti isiyonunua kitu. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani kwa kiasi kikubwa, maduka yakajaa. Waliokuwa na akiba ya noti waliumia. Waliokuwa na ng'ombe walipona.

Sasa tuvuke ziwa. Mtu wa Karema au Ikola hahitaji kuambiwa kuhusu Kongo; ndugu na wateja wake wapo Moba na Kalemie. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitoa sarafu iliyoitwa zaire, ikiwa na thamani ya dola mbili. Dola mbili kwa zaire moja! Miaka michache baadaye ilianza kuporomoka. Blumenthal, yuleyule aliyetuandikia ripoti mwaka 1963, alipelekwa Kinshasa mwaka 1978 kuisimamia benki kuu ya huko. Aliondoka baada ya mwaka mmoja hivi, na mwaka 1982 akaandika ripoti iliyoeleza wazi jinsi wakubwa walivyochota fedha za umma.

Kilele cha mporomoko huo kilikuja Januari 1993. Serikali iliwalipa wanajeshi noti mpya za zaire milioni 5. Wanajeshi wakazipeleka madukani, na wenye maduka wakakataa kuzipokea. Mji wa Kinshasa ukaporwa kwa siku kadhaa, watu wengi wakafa, na balozi wa Ufaransa akauawa kwa risasi. Baadaye mwaka huohuo ikatolewa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3, na hapo Wakongo wa Kasai wakafanya jambo ambalo mimi sichoki kulifikiria. Waliikataa. Jimbo zima liliendelea kutumia noti kuukuu, zilizochakaa, ambazo serikali ilikuwa imezifuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiendelea kuzichapa. Watu walizipa thamani kwa makubaliano yao wenyewe. Serikali yenye jeshi na mitambo ya kuchapa ilishindwa na akina mama wa sokoni Mbuji-Mayi, huko Kasai. Hadi leo, ukivuka kwenda upande ule, biashara kubwa huhesabiwa kwa dola.

Sisemi haya kuwacheka jirani zetu. Nayasema kwa sababu shilingi yetu, pamoja na kushuka kwake kote kutoka 7 kwa dola hadi zaidi ya 2,000, haijafikishwa hapo, na hiyo ni kazi ya watu tunaopaswa kuwashukuru. Mwaka 2025 Benki Kuu iliziondoa noti za zamani, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Ilitoa miezi mitatu ya kubadilisha, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili. Nigeria ilipofanya zoezi la aina hiyo miaka miwili kabla, noti mpya hazikutosha, watu walilala kwenye foleni za benki, na Mahakama ya Juu ikabidi iingilie kati. Kwetu lilipita kwa utulivu. Lakini miezi mitatu kwa mtu wa Mishamo au Ilunde aliyefukia akiba kwenye mtungi si muda mrefu, tena wakati wa mvua. Natamani safari nyingine gari la benki litangulie vijijini kabla ya tangazo kuanza kuhesabu siku.

Simu nayo imebadilisha mengi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, shilingi inafika Majimoto kabla ya basi kutoka Mpanda. Wengine wana wasiwasi kwamba fedha isiyoshikika si fedha; mimi naona wakala mwenye kibanda chake pale kijijini ameifikisha shilingi mahali ambapo hakuna benki iliyowahi kufungua mlango. Nayo dhahabu yetu imeanza kubadili njia. Wachimbaji wadogo wa wilaya hii wanauza kwenye soko la madini lililo hapahapa Mpanda, na tangu Oktoba 2024 wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu. Zamani mali ya Mpanda ilikwenda kulinda shilingi iliyosimamiwa London. Sasa sehemu yake inakaa Tanzania.

Linabaki jambo la tumbaku, nalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Kwa miaka mingi bei ya kilo ya tumbaku imekuwa ikitangazwa kwa dola za Marekani. Mkulima analima kwa jembe, anakata kuni, analala banini, kwenye banda la kukaushia, akiangalia moto, anafunga mtumba, anaupeleka sokoni, na thamani ya jasho lake imekuwa ikisomwa kwa fedha ya nchi nyingine. Mwaka 2024 tuliona dola ikipanda hadi 2,700 hivi, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka kufikia karibu 2,400. Kwa mtumba uleule wa dola 100, hiyo ni tofauti ya shilingi 30,000. Mkulima hakufanya kosa lolote. Siku tu zimepita kati ya mizani na malipo. Shilingi ikiimarika, taifa zima linafurahi, na mimi nafurahi, lakini yeye anapoteza.

Kwa hiyo ninyi wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, kabla hamjapokea mbolea na kuweka saini mkataba wa msimu ujao, ulizeni kwenye mkutano mkuu: bei ikitajwa kwa dola, dola yetu itabadilishwa kwa kiwango cha siku gani, siku ya soko au siku hela inapoingia kwenye akaunti ya chama? Na mkopo wa pembejeo utakatwa kwa kiwango gani? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, kwa Kiswahili, na kila mmoja alisome. Likikosekana, mnayo haki ya kutosaini siku hiyo.